Aliinuka Mwenyewe

Katika familia yetu mimi ndiye mtaalamu wa sheria, na kama huamini muulize mtu yeyote pale Mlandege, mradi usimuulize dada yangu. Cheti ninacho. Nilikipata kwa miaka mitatu ya madarasa ya jioni, nikitoka dukani na mafuta ya kufuli vidoleni, hata kila ukurasa wa daftari langu ukawa na alama ya dole gumba, utadhani kila somo nimelithibitisha rasmi. Mchana nikiuza makufuli, vitasa na bawaba, jioni nikisoma katiba. Nilimaliza wa tatu darasani. Kwamba hadi kufika mtihani tulikuwa tumebaki watatu ni jambo lisilo na haja ya kutajwa.

Dada yangu hakuhitaji jioni. Alisoma mchana kama watu, akapasi kila alichowekewa mbele, akaenda Bara akarudi na shahada mbili, na mwishowe Rais akamteua kuwa mkuu wa afisi moja ambayo sitaitaja. Kazi ya afisi ile ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya wakubwa, kisha kuwaita wakubwa wenyewe waje kujieleza. Hebu fikiri kazi ya namna hiyo katika kisiwa ambacho kila mkubwa ni shemeji wa mtu! Siku aliyoapa, mama yetu aliteremka na kupanda ngazi za bloki yetu ya Michenzani mara arubaini, akigonga kila mlango, hata mlango wa watu waliokuwa hawasemi naye tangu nizaliwe.

Dada akafanya kosa la kuifanya kazi yake. Walikuja wanawake wakulima wa mwani kutoka kijiji kimoja cha mashariki, wakaeleza kuwa njia yao ya kushukia pwani imezungushwa ukuta na mkubwa mmoja. Dada akamwandikia yule mkubwa aje. Hakuja. Akamwandikia tena. Mara ya tatu akampangia siku, akasema asipokuja atayatangaza malalamiko hayo bila maelezo yake. Siku ile haikufika.

Ilikuwa Alhamisi, adhuhuri, nimefunua bakuli la urojo niseme bismillahi, simu ikalia.

"Njoo na kufuli," akasema dada.

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa kuliko zote ulizonazo."

Nilikwenda na kufuli ambayo ukiiangusha ardhi ya Unguja inatikisika mpaka Chukwani. Nikamkuta amekaa kitini kwake, barua imelala mezani. Mistari mitatu. Uteuzi wake umetenguliwa kuanzia tarehe ya barua, anashukuriwa kwa utumishi wake, na aikabidhi afisi kwa atakayeteuliwa. Sababu haikutajwa.

"Si unaona," akasema. "Wamenishukuru."

Nikabadilisha kufuli ya mlango wa afisi wakati ule ule, makarani wakinitazama kama wanaomtazama mwizi anayekarabati nyumba aliyoiiba.

Wakili aliyempokea alikuwa mzee wa Kihindi ambaye ukoo wake umekaa Mji Mkongwe muda mrefu hata mawe ya ukuta wa nyumba yao yanawajua kwa majina. Afisi yake iko juu, ngazi zimesimama wima kama zinakwenda mbinguni, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu, jambo ambalo halikosi kuniudhi. Aliisoma barua mara moja, akavua miwani.

"Umesaini makabidhiano?"

"Sijasaini," akasema dada.

"Funguo umetoa?"

"Kufuli nimeibadilisha mimi," nikadakia.

"Weye nani?"

"Mdogo wake. Mwanasheria."

Akaniangalia vidole. "Mwanasheria wa bawaba," akasema, akamgeukia dada kana kwamba mimi nimetoka chumbani.

Nilimchukia kwa maneno yale, lakini lazima nikiri kuwa alitueleza jambo kwa uwazi ambao mwalimu wetu wa jioni hakuufikia kwa miaka mitatu. Alisema wanaoteuliwa na Rais ni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale wanaofanya kazi yake: mawaziri, makatibu wakuu, wakuu wa mikoa. Lawama zao anabeba yeye, kwa hiyo ana haki ya kuwatua asubuhi yoyote, hata kabla chai haijapoa, na hatakiwi kumweleza mtu. Fungu la pili ni dogo. Hao ni wale ambao kazi yao ni kuwakagua hao wa kwanza. Hao Rais anawaweka, lakini kuwatoa hawezi kwa barua. Mpaka kuwe na maradhi au mwenendo mbaya, na mpaka tume ikae, imsikilize mtu, iseme kweli ana kosa.

"Sheria iliyoanzisha afisi yako imekuweka fungu la pili," akamwambia dada. "Tume imekaa?"

"Hata benchi halijakaa."

"Basi barua hii haijakutoa. Lakini sikiliza vyema, binti yangu." Akamnyooshea kalamu. "Hakuna sheria inayomzuia mtu kuondoka kwa hiari yake. Wakishindwa kukutoa, watataka utoke. Kesho saa moja na nusu uko kitini. Jumatatu hivyo hivyo. Kile kiti ndiyo kesi yako. Usitoke kwenye kiti."

Kesi ikafunguliwa, na dada akakaa.

Jamani, alikaa! Nami nikamwachia kijana wangu duka, nikakaa naye kwenye kiti cha mgeni, kiti kigumu cha mbao ambacho kimeninyang'anya umbo nililozaliwa nalo. Siku ya kwanza dereva alikwenda na gari, hakurudi. Siku ya pili chai haikuja. Siku ya tatu umeme wa chumba kile, chumba kile peke yake katika jengo zima, ukapata hitilafu, feni ikasimama, na kwa joto lile nilipungua kilo kumi na nane, ambazo namshukuru Mungu zimerudi zote. Karani wake, msichana ambaye dada alimlipia mafunzo, aliingia akasimama mlangoni.

"Bi Mkubwa, nimeambiwa nisikuandikie barua."

"Nani kakwambia?"

"Nimeambiwa tu."

"Na ulipoambiwa, ulijibu nini?"

Msichana akaangalia viatu vyake. "Nilijibu naam."

Dada akachukua kalamu, akaanza kuandika kwa mkono.

Kule Mlandege mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kule watu wana midomo. Nilipokuwa nikipita dukani jioni kufunga hesabu zangu za siku, jirani yangu muuza mapazia alikuwa ananingoja kama anayengoja mwandamo.

"Dada yako bado kang'ang'ania?"

"Hajang'ang'ania. Yupo kazini."

"Aliyemweka si ndiye aliyemtoa? Sasa shida iko wapi? Mie nkikuajiri, nkikuchoka, nnakufukuza."

"Weye unauza mapazia," nikamwambia. "Njoo nikuoneshe kitu." Nikamtolea kufuli ya funguo mbili, ya zile wanazofungia makasha ya amana. "Hii, mtu mmoja akiibana inafunga. Kuifungua, mpaka funguo zote mbili ziingie pamoja. Mmoja anao Rais. Wa pili inao tume. Amekuja na wake peke yake, anatikisa mlango, anashangaa haufunguki."

"Kufuli gani hiyo ya kijinga?"

"Ndiyo hiyo ya kijinga inayolinda vitu vya maana. Kufuli ya banda la kuku ina ufunguo mmoja."

Hakuacha kunikejeli, wala mimi sikuacha kumchukia, na mpaka leo pazia nanunua Darajani. Lakini ule mfano wa kufuli niliupenda, niliurudia kwa watu wasiopungua elfu mbili.

Sasa inabidi nieleze habari za mwalimu wetu wa utotoni, na nitajitahidi kumtendea haki, ingawa yeye mimi hakunitendea.

Alitufundisha skuli, dada na mimi, na alikaa bloki ya pili kutoka yetu. Alikuwa mrefu, mkavu, sauti yake ikifika uwanjani kabla yake. Dada alimpenda kama alivyompenda mama. Ni yeye aliyemtoa kwenye darasa la watoto sitini akawa anamfundisha peke yake baada ya Laasiri, barazani kwake, mwaka mzima, bila ya kutaka hata embe. Ni yeye aliyempelekea mama fomu ya mtihani baba yetu alipofariki na mama akasema mtoto abaki nyumbani asaidie. Alikuja akakaa sebuleni kwetu, akakataa chai, akasema hainuki mpaka mama asaini. Akakaa mpaka adhana ya Magharibi. Mama akasaini.

Na mimi je? Mimi alinitazama siku moja mbele ya darasa zima, akamwambia mama aliyeitwa skuli kwa ajili yangu: "Huyu muwekeni duka. Vitabu vinamchoka, naye anavichoka." Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kila jioni niliyopanda ngazi za lile darasa la watu wazima, nilikuwa nampandia yeye. Kile cheti nilikitafuta kwa ajili yake. Nilimpelekea nakala, nikamkuta yuko barazani, akaisoma, akanirudishia. "Mbele kuna alama ya dole," akasema.

Baada ya kustaafu skuli alipata vyeo viwili vitatu vya serikali, watu wakamheshimu. Na wiki ya tatu ya kukaa kwetu mle chumbani, karani akaja mlangoni tena, akasema mkuu mpya ameteuliwa. Akamtaja mwalimu wetu.

 Dada aliweka kalamu chini, akaipanga sambamba na ukingo wa meza.

"Hatakuja," nikasema. "Anajua kuwa una kesi."

"Atakuja," akasema dada.

Alikuja siku ya pili, saa nne asubuhi. Sisi tumejifungia kwa ndani, ile kufuli kubwa imening'inia, ufunguo umo mfukoni mwangu. Wiki tatu walikuwa wamegonga pale watu wa kila aina. Waligonga kwa ngumi, waligonga kwa kalamu, mmoja aligonga kwa kiatu, nami nikikaa nikifurahi kama mtu aliyemo ndani ya ngome.

"Hodi," ikasema sauti ya mwalimu.

Wallahi sijui ilikuwaje. Naapa kuwa sikuamua. Nilikuwa nimeshasema "karibu" na ufunguo umeshazunguka kabla sijajua kuwa nimesimama. Sauti ile ilinifundisha kuhesabu. Mkono wangu ulimtii yeye kabla ya kunisikiliza mimi. Akaingia, nyuma yake maafisa wawili wa utawala, na nyuma yao kijana mwenye kamera.

Na dada, ambaye Rais hakumtoa kwenye kile kiti, wala joto, wala kiu, wala dereva, wala karani, aliinuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi zenu hizi! Magoti yameniisha."

Nikamsogezea kile kiti changu cha mbao. Dada akakitazama, akamtazama mwalimu anavyoshika ukingo wa meza, akaizunguka meza, akamshika mkono. "Si hicho, mwalimu, hicho kigumu. Njoo ukae hapa." Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Akamwekea na mto.

Kamera ikalia. Ikalia tena. Nilipogeuka kumtazama yule kijana alikuwa ameshaiangalia picha yake na ameridhika.

Labda dada alidhani mwalimu atapumzika, atashusha pumzi, ataulizia hali ya mama, kisha atainuka. Hivyo ndivyo wageni wanavyofanya. Dada akasimama mbele ya meza yake mwenyewe, mikono imeshikana mbele, kama mtoto aliyeitwa kusoma shairi. Dakika zikapita. Mwalimu hakuinuka.

"Mwalimu," akasema dada, "unajua kama nipo mahakamani?"

"Nimeambiwa umekwisha kutoka, zimebaki funguo tu."

"Sijatoka."

Mwalimu akamtazama juu mpaka chini, pale aliposimama. "Mbona nakuona umesimama?" akasema.

Sijui alisema kwa ukatili au kwa mshangao. Nimelizungusha swali hilo kichwani miaka hii, na kila nikilizungusha linaangukia kwenye ukatili, lakini mimi si shahidi wa kuaminika juu ya mwalimu. Dada akachukua mkoba wake, akatoka. Mimi nikaifungua kufuli yangu mlangoni nikaondoka nayo. Hiyo walau sikuwaachia.

Wakili alipoiona picha gazetini aliikunja katikati, sura kwa ndani, kama hataki kuonana nayo.

"Nilikwambia usitoke kwenye kiti."

"Alikuwa mwalimu wangu," akasema dada.

"Walijua hivyo! Wamepekua Unguja nzima, afisi kwa afisi, mpaka wakampata mtu mmoja tu ambaye wewe huwezi kuacha kumwinukia!" Kisha akanigeukia mimi. "Na mlango alifungua nani?"

Nikasoma kwa makini sana kalenda iliyokuwa ukutani kwake.

Mahakamani wakili wa serikali hakushughulika sana na tume wala mwenendo mbaya. Alikuja na picha ile, ameikuza mpaka imekuwa na ukubwa wa mlango, na mimi vipimo vya milango navijua. Alikuwa mwanamume mtanashati, mwenye adabu ya kuudhi.

"Aliyekaa ni nani?"

"Ni mwalimu wangu," dada akajibu kizimbani.

"Sikuuliza alikufundisha nani. Ni mkuu mpya wa afisi, sivyo? Na aliyesimama?"

"Ni mimi."

"Kuna mtu alikushika akakuinua?"

"Hakuna."

"Kuna aliyekuamuru?"

"Hakuna."

"Tena umetabasamu."

"Nilikuwa namsalimia."

"Kwa hiyo, Mheshimiwa Jaji," akasema akigeuka pole pole, "Rais hakuhitaji kumwondoa mtu. Aliinuka mwenyewe."

Watu wakacheka. Muuza mapazia alikuwemo, nilimsikia kicheko chake kati ya vicheko mia tatu. Kisha wakili wetu akasimama, na aliuliza swali moja tu.

"Katika maisha yako, uliwahi hata siku moja kukaa, mwalimu wako akiwa amesimama?"

"Sijapata," akasema dada, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika, si kabla.

Hukumu ilichelewa mpaka mimi nikaota mvi. Jaji aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Alisema mtu aliyewekewa kinga na sheria anaondoka kwa njia mbili tu: ajiuzulu kwa maandishi, au aondolewe kwa utaratibu uliowekwa. Kumpisha mtu kiti, akasema, hakumo katika njia hizo. Mamlaka ya kuteua hayabebi ndani yake mamlaka ya kutengua pale sheria yenyewe ilipoyatenganisha. Ile barua ikawa karatasi. Nililia kama mtoto, nikamkumbatia wakili, akanambia nisimchafue koti.

Lakini akamvuta dada pembeni. "Wana muda wa kukata rufaa bado. Siku ya makabidhiano watakuja na kamera. Safari hii usiinuke. Hata nyumba ikiwaka moto, ungulia hapo hapo."

Nilisikia maneno yale, nikayahifadhi, nikayafanyia kazi kwa namna yangu.

Dada alirudi afisini Jumatatu. Walikuwa wamebadilisha kiti. Kilichokuwepo sasa kilikuwa cha ngozi, mgongo wake mrefu kama mlango wa msikiti, na dada alipokikalia miguu haikufika chini. Chai ililetwa mara tatu kabla ya saa tatu. Karani aliulizia afya yake, akaulizia yangu, angeulizia na ya kufuli lau angepewa nafasi. Dada akapokea chai, hakumjibu. Mbele ya meza palikuwa na kile kiti cha mgeni cha mbao. Mwalimu alikuwa anatarajiwa saa nne kuja kukabidhi muhuri, funguo na mafaili.

Saa nne kasoro robo, dada akiwa msalani, nilikitoa kile kiti. Nilikipeleka ukumbini, nikakitia katika chumba cha fagio, nikafunga kwa kufuli.

Mwalimu akaja. Akapiga hodi, akakaribishwa, akaingia taratibu huku akishika ukuta. Alikuwa amezeeka, nilidhani ni muda wa kesi tu, lakini labda mwaka ule ulikuwa mrefu kwa kila mtu. Kijana wa kamera alikuwa yule yule.

"Shikamoo, mwalimu," akasema dada. Hakuinuka.

Mwalimu akachelewa kujibu kidogo tu. "Marahaba."

Dada akanyoosha mkono kumwonesha kiti, na mkono ukabaki hewani. Kiti hakipo. Akanitazama mimi. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, wala mwalimu mwenyewe siku ya vitabu. Akatazama kamera. Nikaona mikono yake imeshika pande mbili za kiti kile cha ngozi, na nikaona mabega yake yanapanda, anataka kuinuka, kisha yakashuka. Hakuinuka. Lakini angeweza kusema nileteni kiti. Hilo hakulisema.

Mwalimu alikabidhi akiwa amesimama. Muhuri. Funguo. Mafaili, moja moja, akiinama kusaini kila ukurasa, na kila akiinama akijishika kiunoni. Kamera ikilia. Alipomaliza akanigeukia.

"Kiti cha wageni kiko wapi?"

"Kinatengenezwa, mwalimu."

"Uongo," akasema, "ndiyo somo pekee ulilowahi kupasi."

Akamtazama dada kwa muda. Nilitegemea neno kali, nilitamani neno kali, maana lingetufanya sote tuwe sawa. Aligeuka tu. Akashuka ngazi, na tulizisikia zote, ngazi baada ya ngazi, na baina yake mapumziko marefu.

Siku ile wanawake wa mwani waliandikiwa barua kuwa shauri lao limefunguliwa upya. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo tulilokuwa tumepigania, ingawa ukinisikiliza ninavyohadithia utadhani tulipigania samani.

Tukaenda Michenzani kwa mama kula chakula cha ushindi. Alikuwa amepika tangu asubuhi. Harufu ya pilau ilitupokea ghorofa ya pili, na mama anakaa ya nne. Lakini picha ilikuwa imefika kabla yetu, kwenye simu ya binti wa jirani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na dirisha. Alipomwona dada mlangoni, akainuka. Alishika ukuta, akainuka, mwanamke ambaye siku hizi tunamwinua kwa mikono miwili kwenda kusali.

"Karibu, Mheshimiwa," akamwambia mwanawe. "Kaa."

"Mama, tafadhali."

"Kaa. Kiti chako hicho. Mie n'tasimama, nshazoea kusikia kuwa watu wazima kwako wanasimama."

"Mama, wakili ndiye aliyesema nisiinuke."

"Na kumpa mwenzio kiti, wakili alikataza?"

Hapo ndipo pangekuwa pahala pangu pa kusema. Nilikuwa na ufunguo wa chumba cha fagio mfukoni, unanichoma kama kaa la moto. Dada alijua, alikuwa anajua tangu mkono wake ulipobaki hewani. Nilimtazama nikingoja aseme: si mimi, mama, ni huyu. Angenisukuma mbele hata kidogo ningekubali. Nilingoja.

"Hakikuwepo kiti, mama," akasema. "Sikukitafuta."

Mama akabaki amesimama. Dada hakukaa, nami vipi ningekaa? Tukasimama watu watatu katika sebule ya hatua nne kwa tatu, viti vitupu vimetuzunguka, pilau kwenye sinia inapoa, mpaka adhana ya Laasiri, na mama alipokwenda kutawadha alikataa mkono wangu na alikataa mkono wa dada.

Mwalimu yuko hai. Anakaa bado bloki ya pili kutoka ya mama, na nikienda pale napita upande wa pili wa barabara. Dada anamalizia muda wake afisini. Ule ukuta wa pwani umebomolewa nusu. Mama anasema naye sasa, lakini anapomtembelea husalimia akiwa amesimama na huondoka akiwa amesimama, na dada humfuata mpaka mlangoni. Kile kiti cha mbao nilikirudisha siku ile ile jioni. Hakuna aliyeniuliza, na mama hajui mpaka sasa kuwa ni mimi, labda mpaka mtu amsomee haya.